Ngoma ya Golicha

Hamdi Umuro hanywi maziwa. Sasa niambie wewe: Mborana wa Isiolo, tena binti wa mama anayeuza maziwa ya ngamia, halafu hanywi maziwa! Akienda kwa watu na kikombe kikiletwa, anakipokea kwa mikono miwili, anakigusisha mdomoni kwa heshima, kisha anakiweka chini ya kiti na kuanzisha maneno mengi ili wenyeji wasahau. Wenye macho wanajua. Wanasema kusoma sana kumemharibia tumbo. Wacha waseme.

Tumbo lake halina shida yoyote. Mdogo wake, Golicha, alikufa akiwa na povu la maziwa mdomoni, na Hamdi ndiye aliyekuwa amembeba.

Wakati huo Hamdi alikuwa darasa la saba. Golicha alikuwa na miaka minne, mnene, mtundu, kelele tupu. Baba yao alikuwa na ngamia upande wa Garbatulla, na mama yao, Madina, alikuwa ndiyo kwanza ameanza biashara ya maziwa hapa mjini. Biashara hii ni mitungi, usidanganywe. Mtungi ukiwa na harufu, maziwa yanachacha njiani na mteja anakurudishia mbele ya watu. Kwa hiyo mtungi unafukizwa. Madina anawasha vipande vya ejersa, ule mzeituni wa porini, ndani ya mkebe wa bati. Anageuza mdomo wa mtungi juu ya moshi, anauacha ushibe, anafunga kifuniko na kutikisa. Halafu ananusa. Pua ndiyo hakimu. Pua ikisema moshi tu, mtungi umeiva, weka maziwa.

Sasa Madina akaleta mtungi kutoka soko la mifugo. Ulikuwa mweupe, mnene, wa lita tano, na kifuniko chake kinakaza vizuri. Ulikuwa umebeba dawa ya kupe, ile ya kuogeshea mifugo. Hakuna aliyeficha jambo hilo. Mitungi ya namna hiyo ilikuwa ikigombaniwa na akina mama kwa sababu haipasuki hata ikirushwa kutoka juu ya lori. Madina akausugua kwa mchanga na majivu, akaurudia kwa maji moto na sabuni, akauanika juani kwa siku kadhaa. Siku hizo zote Golicha akaufanya ngoma. Tok, tok, tok, asubuhi mpaka jua kuzama, mpaka majirani wakaomba wahurumiwe. Ulipokauka Madina akaufukiza. Mara ya kwanza pua ikakataa, ya pili ikasitasita. Ya tatu akaingiza pua mpaka mwisho, akavuta, akatabasamu.

"Umeiva," akasema.

Jioni hiyo Golicha akakataa kikombe chake. Alitaka maziwa kwenye ngoma yake. Akalia, akagaragara chini, akatupa kiatu. Madina akacheka, akamwekea maziwa yake mle ndani yalale, ayanywe asubuhi. Hebu niambie, ni mama gani angekataa?

Asubuhi akanywa, akiwa ameketi mlangoni, mtungi katikati ya miguu. Hapo ndipo Talaso alipopita. Talaso alikuwa mke wa jirani, ukuta kwa ukuta, mwanamke mcheshi ambaye hakujaliwa mtoto. Alikuwa anakuja kuomba chumvi. Akainama, akamfinya mtoto shavu.

"Ee! Mashavu haya nani ameyajaza?" akasema, akacheka, akapokea chumvi yake, akaenda zake.

Hakusema mashallah.

Kwetu humsifu mtoto ukaiacha sifa wazi hivyo. Unaifunga kwa mashallah, la sivyo sifa inageuka jicho, na jicho linaingia kwa mtoto. Hata watoto wa shule wanajua. Talaso alijua pia. Alisahau tu, kwa kucheka.

Kabla jua halijasimama utosini, Golicha alikuwa anatokwa jasho na mate yasiyokatika, mwili unatetemeka wote. Hamdi alimbeba mgongoni, kisha kifuani, akikimbia kuelekea hospitali, na njiani akamwangalia machoni akaona mboni zimekuwa ndogo kama tundu la sindano. Walipofika mtoto alikuwa ameshakata roho. Alizikwa siku hiyo hiyo. Kwenye mkeka wa matanga mtu akauliza, "Asubuhi mtoto alionwa na nani?" Jina likatajwa. Hakuna aliyeuliza mtoto alikunywa nini, wala kwenye nini.

Talaso hakujitetea. Jambo hilo ndilo lililomtesa Hamdi miaka yote: mama yule hakusema hata neno. Mume wake akampa talaka kabla matanga hayajaisha. Akahamia nje ya mji, njia ya Ngaremara, akafungua kibanda cha sukari na majani ya chai. Akiona mtoto anakuja anavuta shungi mpaka kidevuni. Vipofu wana nafuu, wao hawaoni; yeye alikuwa na macho mazima na anayaogopa. Mtoto akitumwa sukari anapimiwa na mwanamke aliyefunika uso. Wengine walikuwa wanatema mate chini wakipita hapo, na Talaso anaitikia salamu za hao hao. Aliamini, unaona. Aliamini kabisa kwamba alimuua mtoto wa jirani yake kwa kumpenda.

Na Madina? Madina aliukaza ule mtungi kifuniko, akautundika stoo nyuma ya magunia. Hakuutumia tena. Ulikuwa ngoma ya Golicha. Aliendelea kuuza maziwa, aliendelea kufukiza. Lakini mitungi ya plastiki ina tabia moja: ikipata moto wa moshi halafu ikapoa, inajinyoosha na kulia. Tok. Unaketi unakunywa chai yako, na kule uani, tok. Madina alikuwa akisikia anasimamisha mkono hewani, kikombe kisifike mdomoni, anangojea ya pili. Hamdi alikua akiangalia mkono ule wa mama yake umesimama hewani. Alichukia moshi. Alichukia harufu ya ejersa kwenye nguo zake za shule.

Basi ajabu ni kwamba alipofika chuo kikuu kusomea shahada ya uzamili ya kemia, na msimamizi wake akamwambia achague kitu cha kutafiti, alijikuta anasema, "Moshi wa mitungi ya maziwa." Ulimi ulimtangulia.

Msimamizi huyo, Daktari Kobia, alikuwa mtu wa Meru, mchangamfu, anayekula ndizi choma juu ya meza ya kazi ingawa yeye mwenyewe amebandika tangazo la kukataza. Alifurahi. Hapo Hamdi alikuwa ameolewa na mwalimu wa Garbatulla, Abdirahim, na walikuwa na mtoto mchanga, Adano. Mtoto aliachwa kwa bibi yake, Madina, na Hamdi akawa anapanda gari Jumatatu na kurudi Ijumaa. Alikusanya vipande vya vyombo kutoka kwa akina mama wa Leparua, Ngaremara na mjini: vibuyu, vyombo vya kusukwa, mitungi ya plastiki. Kila kipande anakiloweka kwenye kiyeyushi, anachuja, anaingiza tone moja kwenye mashine. Ndani ya mashine mna mrija mwembamba uliozungushwa mara nyingi, na kila kilichomo kwenye tone kinatoka kwa wakati wake, kikichora kilele kwenye skrini. Moshi wa ejersa una vilele vyake. Baada ya miezi kadhaa Hamdi alikuwa anavifahamu kama anavyofahamu sura za majirani.

"Hivi vyote vinatumika leo," Daktari Kobia akamwambia siku moja. "Nitafutie mtungi wa zamani, uliofukizwa ukaachwa. Tuone moshi unakaa muda gani ndani ya plastiki."

Hamdi alijua upo wapi. Ilimchukua wiki nzima kufungua mdomo.

Madina alikuwa anamwogesha Adano kwenye beseni. Hakugeuka.

"Ule wa ndugu yako?"

"Kipande kidogo tu, Mama. Ukubwa wa kucha."

Madina akamkausha mtoto, akampaka mafuta, akamvisha, yote polepole kama mtu anayetafuta sababu ya kukataa. Mwisho akasema, "Kata chini, pasipoonekana. Na usiuharibu sauti."

Wallahi, Hamdi alikata kwa kisu cha maabara, chini kabisa.

Kilele kilitokea Jumatano, saa ya chai. Vile vya moshi vilikuwapo, dhaifu, vimezeeka. Baada ya hivyo ukaja mstari mtulivu, halafu kitu kingine kikasimama peke yake, kirefu, mahali ambapo hapakutakiwa kuwa na kitu. Hamdi akadhani ni uchafu. Akaosha vyombo, akapitisha kiyeyushi kitupu, skrini ikawa safi. Akarudia kipande. Kikasimama tena, pale pale.

Daktari Kobia akaweka ndizi chini, akalinganisha na kumbukumbu za mashine.

"Dawa ya kupe!" akasema, amefurahi kama amepata dhahabu. "Unaona? Mtungi ulikuwa wa dawa ya mifugo. Plastiki nene inainywa na kuificha, na huu ulifungwa kifuniko, ukawekwa kivulini. Huyo mama aliosha, nina hakika aliosha sana. Lakini maji hayaiwezi hii. Hii inapenda mafuta. Weka maziwa mle yalale usiku mmoja, yanaitoa ndani ya plastiki vizuri kabisa."

"Na moshi?" akauliza Hamdi. Sauti yake aliisikia ikitoka mbali.

"Moshi hautoi kitu. Unaziba harufu. Kwa kawaida pua ingemwambia acha, lakini wakifukiza mara mbili tatu pua inadanganywa. Hamdi, hii ni sura nzima ya tasnifu yako! Akina mama wanafanya hivi mpaka leo?"

Hamdi alikuwa amekimbilia sinki. Alitapika chai na asubuhi yote. Alipoinua uso Kobia alikuwa amesimama nyuma yake na taulo ya karatasi, furaha imemtoka.

"Mtungi ulikuwa wa nani?"

"Wa nyumbani. Ulitumika mara moja tu." Akajifuta mdomo. "Ndugu yangu."

Kobia alikuwa mtu mwema, na alikuwa mtaalamu, na vyote viwili vilionekana usoni pake. "Mashine inasema kilichomo kwenye plastiki," akasema. "Haiwezi kuapa juu ya mtoto. Hilo lazima nikwambie."

"Macho yake yalikuwa madogo, Daktari. Mboni. Kama tundu la sindano. Na mate."

Kobia akavuta kiti, akaketi. "Basi," akasema kwa upole. "Basi, pole mwanangu."

Kuiandika hakukuwa kazi. Kwenye tasnifu Golicha angekuwa namba ya sampuli, na mama yake angekuwa "mtumiaji". Hamdi aliiandika kwa siku mbili. Kilichomkaba ni barabara ya kurudi nyumbani. Ukweli huu ulikuwa wa watu wawili. Kwa Talaso ulikuwa mlango wa jela unaofunguliwa. Kwa Madina ulikuwa mkono wake mwenyewe, uliomimina maziwa huku akicheka. Amwondolee mzigo mwanamke wa watu, amtwike mama yake? Au anyamaze, amle Talaso nyama akiwa hai, kama wengine wote walivyomla?

Alikaa na jambo hilo mpaka likamla yeye. Maabara nayo ikaanza kumsumbua. Mashine ikipoa inalia, na ni kawaida ya mashine. Tok. Hamdi alikuwa anasimamisha mkono hewani. Siku alipojiona kwenye kioo cha dirisha, mkono umesimama vile vile kama wa mama yake, aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa kitu chochote. Akachukua mkoba, akapanda gari la Isiolo, akapita mji, akashukia kwenye kibanda cha njia ya Ngaremara.

"Salaam aleikum, Mama Talaso."

"Aleikum salaam." Shungi lilishavutwa. Talaso alikuwa amezeeka upesi kuliko miaka yake. "Sukari?"

Hamdi alikuwa amejiandalia maneno, yakapotea. Akasema ovyo ovyo: mtungi, dawa ya kupe, moshi, mafuta ya maziwa, mashine. Talaso alikuwa amelishika kopo la kupimia sukari, na sukari ikaendelea kumwagika kidogo kidogo juu ya kaunta mpaka kopo likawa tupu.

"Sema tena," akasema.

"Hayakuwa macho yako. Ulikuwa mtungi."

"Apa."

"Wallahi."

Talaso akaketi chini, palepale nyuma ya kaunta, Hamdi asimwone. Kikatoka kilio ambacho Hamdi hatakisahau, kidogo, cha kubanwa, kama cha mtu aliyejizoesha kulia bila kusikika. Kilipokwisha sauti ikatoka chini kule.

"Mama yako anajua?"

"Bado."

"Usimwambie." Akasimama, akaanza kukusanya sukari kwa kiganja, akiirudisha kwenye gunia. "Mimi nimezoea. Nimelijua hili neno, tunalala pamoja, tunaamka pamoja. Yeye akilipata sasa, kwa umri huu, litamuua. Usimwambie Madina. Umeniambia mimi, inatosha. Sasa nitaweza kulala."

Hamdi akaondoka na kilo ya sukari aliyokataliwa kuilipia, akilia barabarani bila aibu. Alimkasirikia Talaso kwa wema ule. Angetukanwa ingekuwa rahisi.

Alifika nyumbani alasiri. Madina alikuwa uani anafukiza, Adano amekaa kwenye mkeka akipiga miguu. Hamdi akaketi. Alikuwa ameshaamua kunyamaza, kweli, alikuwa ameamua. Mtungi mmoja uliopoa ukalia. Tok. Mkono wa Madina ukasimama hewani. Na wa Hamdi ukasimama.

Madina akauona mkono wa binti yake.

"Mashine ilisema nini?" akauliza.

"Mama, ni mambo ya moshi tu."

"Hamdi. Umerudi siku ya katikati ya wiki. Umelia. Kipande ulichokata ni cha mtungi wa mwanangu. Mimi sikusoma, lakini usinifanye mjinga ndani ya nyumba yangu. Ilisema nini?"

Hamdi akamwambia. Aliyasema akiangalia mkeka. Alipofika mwisho Madina akageuza mtungi aliokuwa nao, akaingiza pua mpaka mwisho, akavuta pumzi ndefu, akautoa, akautazama.

"Nilinusa," akasema. "Nilinusa mara tatu." Halafu akarudia, kwa sauti nyingine kabisa, "Nilinusa, mwanangu, wallahi nilinusa," na haikujulikana anamwambia Hamdi au mwingine. Hamdi akamshika. Mama yake alikuwa mwepesi ajabu. Walikaa hivyo mpaka makaa ya ejersa yakawa majivu, na Adano akachoka kuwatazama, akaanza kula pembe ya mkeka.

Hamdi alidhani sasa ndipo mama yake ataanguka. Madina akainuka. Akaingia ndani, akanawa uso, akavaa buibui ya kutokea. Akamchukua Adano, akamfunga mgongoni kwa leso.

"Unaenda wapi na mtoto, Mama?"

"Lete viatu vyangu."

Walitembea, Hamdi nyuma, Madina mbele, mpaka nje ya mji. Talaso aliona mtoto kabla hajaona watu, akavuta shungi. Kisha akatambua ni nani aliyembeba, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa rafu. Alimtazama Hamdi, macho ya kulaumu kupitia kitambaa.

Madina hakusalimu. Alipita nyuma ya kaunta, mahali ambapo mteja haendi, akafungua leso, akamweka mjukuu wake kwenye mikono ya Talaso. Talaso alimpokea akiwa amegeuza uso ukutani.

"Mwangalie," akasema Madina.

"Siwezi."

"Talaso, mwangalie."

Talaso akatikisa kichwa. Ndipo Madina akanyoosha mkono wake, mkono ule ule, akalishika shungi, akalifunua polepole, kama mama wa bibi harusi. Uso uliotokea ulikuwa na mistari ambayo hakuna mtu alikuwa ameiona ikichorwa. Talaso akafumba macho. Akakaa hivyo. Akayafumbua.

Adano alimkodolea, akamshika pua.

"Ee," akasema Talaso, sauti inakatika. "Mashavu haya..." Akashtuka, akaziba mdomo kwa kiganja.

"Mashallah," akasema Madina. Alilisema wazi, kwa ajili yake. Kisha akashika kaunta kwa mikono yote miwili. "Hata siku ile," akasema, "nilikuwa nimesimama pale pale mlangoni nakupa chumvi. Hata mimi ningeweza kulisema."

Talaso alimketisha mtoto juu ya kaunta, akamzingira kwa mikono asianguke. Adano akaangalia huku na huku, akaona kopo tupu la kupimia sukari, akalivuta, akaanza kulipiga.

Tok. Tok, tok.

Mikono mitatu ikasimama hewani. Wanawake watatu wakasikiliza, na hakuna hata mmoja aliyemnyang'anya.